Uchumi, uhasibu, kalkulasi au utangulizi wa biashara: kupanga muhula wa kwanza chuoni Marekani kwa asiyeamua mchepuo

Mwanafunzi wa Kenya aliyepangiwa Shahada ya Biashara kupitia KUCCPS, au wa Tanzania aliyechaguliwa na chuo chini ya utaratibu wa TCU, hufika siku ya usajili akakuta mwaka wake wa kwanza umeshapangwa, na kinachobaki ni kuulizia darasa liko jengo gani. Mwenzake anayekwenda Marekani hupokelewa kwa namna nyingine kabisa. Chuo humwandikisha kama mwanafunzi wa biashara ambaye bado hajaamua iwapo atabobea katika uhasibu, fedha, masoko, usimamizi wa ugavi au uchambuzi wa takwimu, kisha humfungulia orodha ya mamia ya kozi na kumtaka achague tano. Mshauri wa masomo yupo, lakini wiki hizo za Agosti ana foleni ya wanafunzi mlangoni, na dakika 20 atakazokupa zitatosha tu ikiwa umefika na pendekezo lako mkononi.

Makala haya yanalinganisha kozi ambazo mwanafunzi wa aina hiyo hukutana nazo, mbili mbili au tatu tatu, kwa kuzipima kwa maswali mawili. La kwanza: nikibadili mawazo ifikapo Machi, krediti za kozi hii zitaendelea kuhesabiwa kwenye shahada yangu au zitabaki kama mapambo? La pili: kozi hii inafungua kozi ngapi nyingine? Swali la kama kozi inavutia nimeliweka nyuma kwa makusudi, kwa sababu majina ya kozi hudanganya, na nimeona mara nyingi kozi yenye jina tamu ikawa ndiyo inayochosha kuliko zote.

Kabla ya kulinganisha, hesabu kidogo. Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120, zinazogawanywa katika mihula minane ya krediti 15. Kozi nyingi zina krediti 3, ingawa za hisabati au za maabara huweza kuwa na 4. Krediti moja hukadiriwa kuwa saa moja darasani na angalau saa mbili za kujisomea nje ya darasa kila wiki, kwa hiyo krediti 15 ni takriban saa 45 za kazi kwa wiki. Anayedhani kuwa siku yenye vipindi viwili tu ni siku ya mapumziko atazinduka katikati ya Oktoba, mitihani ya kati itakapoanza.

Hisabati: aljebra, kalkulasi ya biashara, kalkulasi kamili au takwimu

Naanza hapa kwa sababu hisabati ndiyo mnyororo mrefu kuliko wote katika kitivo cha biashara. Katika vyuo vingi kozi ya takwimu hudai kwanza aljebra au kalkulasi, kozi ya msingi ya fedha hudai takwimu na uhasibu, na kozi za juu za fedha, za ugavi na za uchambuzi hudai zote hizo. Ukiahirisha kiungo cha kwanza, vyote vilivyo nyuma yake vinaahirishwa pamoja nacho.

Nayasema haya kwa uchungu wa aliyeungua. Muhula wangu wa kwanza, katika chuo kimoja cha umma cha Midwest, majimbo ya kaskazini-kati ya Marekani, ambacho sina haja ya kukitaja, niliikwepa hisabati kwa hoja kwamba nilihitaji kuzoea baridi na lafudhi kwanza. Nikaichukua muhula wa pili, takwimu nikaisogeza mwaka wa pili, na nilipotaka kujiandikisha katika kozi ya uwekezaji nikakuta inafundishwa muhula wa vuli pekee, ule wa Agosti hadi Desemba, na mimi bado nadaiwa kozi moja iliyo kabla yake. Sikufeli kitu chochote, ila ratiba yangu ilirefuka kwa muhula mzima, na muhula mmoja Marekani una bei yake.

Sasa uchaguzi wenyewe. Aljebra ya chuo ni marudio ya mambo ambayo aliyemaliza sekondari Afrika Mashariki ameshayapitia: milinganyo, vipeo, logi, grafu. Faida yake ni alama nzuri kwa asiye na hofu, na kujenga upya misingi kwa aliyekaa miaka miwili bila kushika kalamu. Hasara yake ni kwamba katika baadhi ya vyuo haihesabiwi katika masharti ya kitivo cha biashara, hivyo inakula nafasi ya muhula na kukuacha mlangoni pa kalkulasi. Kalkulasi ya biashara hutumia dhana hizo hizo za kalkulasi kwenye gharama, mapato na faida, na mara nyingi huacha kando trigonometria. Hiyo inawatosha wengi watakaoishia kwenye uhasibu, masoko au usimamizi. Kalkulasi kamili, ile wanayoisoma wahandisi, ni ngumu zaidi na mara nyingi ni ya krediti 4, lakini ndiyo inayokubalika kila upande: uchumi wa kihesabu, sayansi ya bima, kompyuta, hata uhandisi ukiamua kuhama kabisa. Aliyesoma ile nyepesi kisha akataka kuhamia huko, mara nyingi huambiwa arudie.

Kinachopaswa kuamua ni mahali ulipofikia kweli, si ujasiri. Aliyesoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) au PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) Tanzania amefanya Hisabati ya Juu, na kalkulasi kamili itaanza kwa mambo anayoyafahamu. Aliyesoma ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) akapitia hisabati tumizi ya msingi ataiona kalkulasi ya biashara kuwa ya kumfaa. Aliyemaliza Kidato cha Nne Kenya kwa alama nzuri za hisabati ameshaonja mwanzo wa kalkulasi na asikubali kurudishwa kwenye aljebra bila sababu. Vyuo vingi hupima kwa mtihani wa kompyuta uitwao ALEKS, wenye maswali yasiyozidi 30, ambao hujirekebisha kulingana na majibu yako, na kwa kawaida huruhusiwa kurudiwa baada ya mazoezi. Wanafunzi wengi huufanya usiku wa manane wakiwa bado nyumbani, intaneti ikikatika, kwa kudhani ni fomu nyingine ya kujaza tu, halafu alama yake inawapangia mwaka mzima. Kaa nao mezani ukiwa umelala vizuri, ukiwa na karatasi ya kuchorea, na usipokuridhisha fanya yale mazoezi urudie.

Je, mtu anaweza kuanza na takwimu akaruka kalkulasi? Inapokubalika, ni chaguo zuri kwa anayeegemea masoko au rasilimali watu, kwa kuwa huko takwimu hutumika kila siku ilhali kalkulasi hutumika kwa nadra. Kwa asiyeamua kabisa, hata hivyo, bado naiweka kalkulasi mbele. Takwimu inaweza kusubiri Januari bila kuvuruga kitu. Kalkulasi ikisubiri, husubirisha na wenzake.

Uchumi wa maikro au utangulizi wa biashara

Huu ndio ulinganisho ambao wengi huukosea, na sababu ni jina. Kozi ya utangulizi wa biashara inaonekana kuwa ndiyo ya asiyeamua: wiki moja masoko, wiki moja fedha, wiki moja usimamizi, wiki moja sheria, na pengine mgeni kutoka kampuni fulani anakuja kuzungumza. Uchumi wa maikro, yaani ule wa mnunuzi, muuzaji na bei ya bidhaa moja moja, unaonekana mkavu, mistari miwili inayokatana ubaoni.

Tuziweke kwenye mizani. Utangulizi wa biashara kwa kawaida haufungui kozi nyingine yoyote, isipokuwa pale ambapo kitivo chenyewe kimeifanya kuwa ya lazima kwa wote wa mwaka wa kwanza, na hapo mjadala umekwisha. Ukihama biashara kwenda uuguzi au kompyuta, krediti zake huishia kwenye fungu la kozi za hiari. Maikro, kwa upande mwingine, ni sharti la karibu kila mchepuo wa biashara, ni mlango wa uchumi wote unaofuata, na katika vyuo vingi huhesabiwa pia kama somo la sayansi ya jamii katika masomo ya jumla ambayo kila mwanafunzi wa shahada hudaiwa, awe wa biashara au wa muziki. Krediti tatu zinafanya kazi mara mbili.

Ugumu upo, na si vyema kuuficha. Mifano ya darasani itakuwa ya pizza, kahawa na kodi za nyumba za New York, na mtihani utakuwa wa kuchagua jibu, wenye majibu mawili yanayofanana sana. Nilichofanya mimi kilikuwa kuuleta uchumi nyumbani. Nauli ya matatu inayopanda Nairobi mara mvua inapoanza kunyesha ni mahitaji kuongezeka huku magari yakiwa yale yale, na yanayofika kituoni yakiwa machache zaidi kwa sababu ya foleni. Nauli ya daladala Dar es Salaam haipandi hivyo kwa kuwa hupangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na huo ndio ukomo wa bei ambao kitabu kinauchora kwa mstari wa mlalo chini ya pale mistari miwili inapokutana. Kitabu kinasema ukomo ukiwa chini ya bei ya soko, huduma itapungua. Aliyewahi kuteremshwa njiani na daladala lililokatisha ruti saa mbili usiku ameshaiona sentensi hiyo kwa macho yake. Baada ya hapo ule mchoro unakaa kichwani.

Wapo watakaosema utangulizi wa biashara unasaidia kuamua, na hiyo hasa ndiyo haja ya mtu asiyeamua. Ni hoja ya haki, ila kuna njia ya bure ya kupata faida hiyo. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, hutoa vitabu kamili vya kiada mtandaoni bila malipo, kikiwemo cha utangulizi wa biashara, vya uchumi na vya uhasibu. Soma sura nne za kile cha utangulizi kabla ya kusafiri na utakuwa umeokota sehemu kubwa ya ambacho kozi ingekupa kuhusu kuamua, huku nafasi yako ya krediti 3 ikiwa salama. Ninayemwachia kozi hii kwa moyo mweupe ni yule anayefika akiwa hajui kabisa mhasibu na mchambuzi wa fedha wanatofautianaje, na ambaye chuo chake kinaitoa kwa krediti moja tu.

Ama makro, yaani uchumi wa nchi nzima, inaweza kungoja. Baadhi ya vyuo havijali ipi inatangulia, lakini maikro hutoa msamiati ambao makro huutumia bila kuufafanua tena, na kuzichukua zote mbili muhula mmoja ni kujitafutia kuchanganyikiwa kwenye mitihani ya wiki moja.

Uhasibu sasa au mwakani

Hapa swali la kwanza ni kama unaruhusiwa. Vyuo vingi huweka uhasibu wa fedha katika ngazi ya 200, yaani kozi ya mwaka wa pili, na mfumo wa usajili utakukatalia kabla hujabishana na mtu. Vinavyoruhusu huwa na sifa moja inayofanana: kozi hii ni kichujio. Baadhi ya vitivo humpokea mwanafunzi kwanza kama mtarajiwa wa biashara, kisha humdai wastani fulani katika kozi chache za msingi kabla ya kumwingiza rasmi, na uhasibu karibu kila mara umo katika kozi hizo.

Kwa hiyo ulinganisho ni kati ya nyakati mbili. Kuuchukua sasa kuna faida kubwa kwa aliyesoma uhasibu sekondari, maana anafahamu leja, anafahamu urari, na wiki sita za mwanzo zitakuwa kumbukumbu. Atajua, kwa mfano, kwamba urari ukikataa kulingana kwa tofauti ya 90 asianze kuhesabu upya kila kitu: tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, 540 ikaandikwa 450. Mwanafunzi wa namna hiyo anaweza kujiwekea alama ya juu mapema na kujua ndani ya miezi minne kama kazi hii anaipenda au anaiweza tu, mambo mawili ambayo hayafanani.

Kwa asiyewahi kuona debiti na krediti, ningesema subiri. Hii ni lugha mpya, hujengwa juu ya yenyewe kila wiki, na anayekosa wiki ya tatu hawezi kuielewa ya tano. Kuiweka lugha hiyo juu ya kalkulasi, juu ya lafudhi ya mhadhiri na juu ya baridi ya Novemba ni kuihatarisha alama ambayo kitivo kitaitazama kuliko zote. Hakuna mchepuo utakaofungwa kwa kusubiri hadi mwaka wa pili, hata uhasibu wenyewe. Majimbo mengi yamekuwa yakidai krediti 150 kwa anayetaka CPA, leseni ya mhasibu wa umma, ingawa baadhi yameanza kulegeza sharti hilo, kwa hiyo anayeelekea huko ana safari ndefu na muhula mmoja hautamchelewesha.

Uandishi, hotuba na lahajedwali

Kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza ni ya lazima karibu kila mahali, madarasa yake ni madogo na hujaa mapema. Ichukue muhula wa kwanza. Aliyesoma sekondari kwa Kiingereza anaweza kuiona kuwa ni dharau, lakini kinachofundishwa humo ni namna wanavyotaka hoja ijengwe na chanzo kitajwe, na mazoea ya kunakili aya ya kitabu neno kwa neno, ambayo kwetu yalipewa alama za kukariri, huko hupelekwa kwenye kamati ya nidhamu. Kozi ya hotuba ina thamani yake, ila inaweza kungoja mpaka sikio limezoea.

Lahajedwali, yaani Excel, ni kozi ambayo Mmarekani aliyekulia na kompyuta anaweza kuiruka kwa mtihani. Kwa aliyetoka shule yenye kompyuta sita kwa wanafunzi arobaini, ni krediti zenye faida ya haraka kuliko zote katika makala haya, kwa sababu kazi za nyumbani za takwimu, fedha na uhasibu zitamkuta akiwa tayari.

Nafasi ya tano: saikolojia au upangaji programu

Kozi moja ya hiari inabaki, na hapo ndipo asiyeamua anaweza kujipima. Watu wawili ambao ningewashauri tofauti ni hawa: anayependa kujua kwa nini mteja amenunua sabuni hii akaiacha ile, na anayependa kujua duka limeuza sabuni ngapi na kesho litauza ngapi. Wa kwanza achukue saikolojia, ambayo huhesabiwa katika masomo ya jumla, haina masharti, na hulisha masoko na rasilimali watu. Wa pili achukue upangaji programu wa mwanzo, ambao huhesabiwa kwa nadra zaidi katika masomo ya jumla na hudai saa nyingi za kukaa na kosa moja dogo lisiloonekana, lakini humwonyesha mapema kama mifumo ya habari na uchambuzi wa takwimu vitamfaa.

Kwa mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, kuna jambo la ziada ambalo washauri wengi wa masomo hawalitaji wasipoulizwa. Baada ya kuhitimu, mwanafunzi anaweza kuomba kufanya kazi katika fani yake kwa miezi 12 chini ya mpango wa OPT, na waliosoma fani zilizo katika orodha ya serikali ya sayansi na teknolojia wanaweza kuomba miezi 24 zaidi. Sayansi ya usimamizi na takwimu za biashara zimo katika orodha hiyo. Uhasibu wa kawaida na masoko ya kawaida hazimo. Kinachohesabiwa ni namba ya fani ambayo chuo kimeisajili, si jina linalopamba tovuti, hivyo michepuo miwili yenye majina yanayokaribiana inaweza kuwa na hatima tofauti. Muulize mshauri namba hiyo. Sisemi mtu asiye na wito wa hesabu ajilazimishe kwa ajili ya miezi hiyo. Nasema asiifungie njia hiyo bila kujua, na kalkulasi na programu ndizo zinazoiacha wazi.

Ipo njia nyingine ambayo wenzetu huiona kama ya mkato: kujaza nafasi ya tano kwa kozi ya Kiswahili, pale inapofundishwa. Vyuo vingi havimruhusu mzungumzaji wa lugha kuchukua ngazi ya mwanzo ya lugha yake. Penye sharti la lugha ya kigeni, ulizia msamaha au mtihani wa umahiri, maana huenda Kiswahili chako kikakufutia mihula miwili au zaidi ya lugha bila kuketi darasani hata siku moja.

Krediti 12, 15 au 18

Kumi na mbili ndicho kiwango cha chini cha kuhesabiwa mwanafunzi wa muda wote, na kwa mwenye F-1 ni sharti la viza. Inaonekana kuwa chaguo la mwenye busara anayetaka kuanza polepole. Kwa mtu wa F-1 naiona kuwa ndiyo ya hatari zaidi kati ya zote tatu. Ukiwa na krediti 12 na kozi moja ikakushinda mwezi wa pili wa muhula, huwezi kuiacha, kwa kuwa utashuka hadi 9 na kuvunja masharti ya hadhi yako, isipokuwa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ikuidhinishe kwanza kwa sababu chache zinazokubalika. Ukiwa na 15, unaacha moja na kubaki mahali salama. Tena vyuo vingi hutoza ada moja kwa krediti 12 hadi 18, ambapo kozi ya tano inakuwa haijaongeza ada. Angalia pia aina ya darasa: kwa mwenye F-1, kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi krediti 3, ndiyo inayohesabiwa kwa muhula katika zile 12 za lazima.

Hesabu hubadilika kwa mwenye makazi ya kudumu au uraia, kwa mfano kijana wa familia ya Kikongo iliyopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ikapewa makazi Marekani, aliyemaliza sekondari huko na sasa anafanya kazi ghalani jioni. Yeye hafungwi na viza, anaweza kujaza fomu ya FAFSA kuomba msaada wa serikali, na kwake krediti 12 zikiambatana na saa 25 za kazi ni mzigo kamili. Mara nyingi pia anaanzia chuo cha jamii, ambako stashahada huwa na krediti 60 na ada huwa nafuu zaidi. Kwake swali la iwapo kozi itahesabiwa lina uzito maradufu, kwa sababu krediti zitalazimika kuhama naye. Maikro, kalkulasi na uandishi huhama kwa urahisi. Utangulizi wa biashara na kozi za ufundi wa ofisi huweza kukwama mpakani. Atafute mkataba wa uhamisho kati ya chuo chake na chuo anachokilenga, na achague kutoka humo tu.

Kumi na nane siipendekezi kwa mtu yeyote katika muhula wa kwanza.

Ratiba mbili

Kwa aliyesoma EGM na kuja na F-1, ambaye anahisi atapenda hesabu lakini hajui ni za nini: kalkulasi kamili krediti 4, maikro 3, uandishi 3, upangaji programu 3, na lahajedwali 2 au 3 ikiwa hakukulia na kompyuta; jumla 15 au 16. Ikibidi kuacha moja, aache lahajedwali au programu, kamwe asiache kalkulasi kabla ya kuonana na mhadhiri wake ofisini.

Kwa aliyesoma ECA, mwenye kichwa cha uhasibu na moyo wa masoko: kalkulasi ya biashara 3 au 4, uhasibu wa fedha 3 pale chuo kinaporuhusu, uandishi 3, saikolojia 3, maikro 3. Uhasibu usiporuhusiwa, lahajedwali ikae mahali pake. Mtu huyu atajua kufikia Desemba ni lipi kati ya mawili lilimfanya afungue kitabu bila kusukumwa.

Katika ratiba zote mbili, kozi ikijaa usiikimbilie ya kwanza yenye nafasi. Jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri, hudhuria kipindi cha kwanza hata hivyo ikiwa mhadhiri anaruhusu, na umwandikie barua pepe fupi. Dirisha la kuongeza na kuacha kozi hudumu takriban wiki moja au mbili, na ndani yake watu wengi hubadili mawazo, nafasi zikafunguka. Kozi iliyoachwa ndani ya dirisha hilo haionekani kwenye matokeo. Baada yake huandikwa W, alama ya kozi uliyojiondoa. Tumia siku hizo kusoma mihtasari ya kozi zote tano kwa pamoja, kalamu na kalenda mkononi, ukiandika tarehe za mitihani ya kati. Ukikuta mitatu imeangukia siku mbili zinazofuatana, na kalkulasi ni mmoja wao, bado una muda wa kuhamia kundi jingine la kozi ile ile.